Risala ya wanukuzi wa Kasese na Bwera kuhusu hesabu ya mistari na viwango vya malipo

Kwa wakuu wa miradi ya utafiti, mashirika na mawakala wanaotoa kazi za unukuzi katika wilaya ya Kasese. Nakala kwa Afisa Kazi wa Wilaya.

Waheshimiwa,

Sisi tunaoandika risala hii ni wanukuzi wa kujitegemea. Tuko Kasese mjini, Kilembe, Kisinga, Bwera na Mpondwe. Kazi yetu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa kwa Kikonzo, Kinande, Kiswahili, Kitooro au Kinyankole, kuyaandika neno kwa neno, na mara nyingi kuyatafsiri kwa Kiingereza kabla ya kuyarudisha kwenu. Hatuna ofisi wala mshahara. Tunalipwa kwa kilichoandikwa, na ugomvi unaanzia hapo, kwa kuwa kilichoandikwa kinaweza kuhesabiwa kwa njia nyingi, na njia inayochaguliwa huwa ni ile inayompunguzia mlipaji gharama.

Dai letu kubwa ni moja: kipimo cha kazi kitajwe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, na kisibadilishwe baada ya kazi kuisha. Mengine yote tunayoyasema hapa chini yanatokana na hilo.

Kazi hii imejaa hapa kwetu kwa sababu ya mambo yaliyotupata. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 watu zaidi ya 100 waliuawa Kasese, wengi wao kwenye kasri la Omusinga, yaani mfalme, wa Rwenzururu. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuikumba hospitali ya Kilembe. Tarehe 11 Juni 2019 ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka 5 aliyelazwa Bwera, aliyevuka mpaka na familia yake kutoka Kongo, alikuwa na Ebola. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na waliouawa walizidi 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Baada ya kila tukio walikuja watafiti, pamoja na wale wanaouliza habari za malaria, kahawa, chumvi ya Katwe na biashara ya mpakani. Waliondoka na saa nyingi za sauti, na sauti hizo zikarudi kwetu kwa simu na barua pepe ili tuzigeuze maandishi. Ripoti nyingi zilizoandikwa kuhusu wilaya hii zina mikono yetu ndani yake, ingawa majina yetu hayamo. Hatudai majina. Tunadai hesabu ya haki.

Tuanze na mstari, maana ndio unaotuumiza zaidi. Mtu anapoambiwa atalipwa kwa mstari, anaona kama ameahidiwa kitu kinachoonekana kwa macho. Lakini mstari wa kwenye karatasi unategemea ukubwa wa herufi, aina ya herufi, pambizo na karatasi yenyewe. Chukua faili la A4 lenye herufi za ukubwa wa 12 na pambizo za sentimita 2.5. Zipunguze herufi ziwe za 10 na pambizo ziwe za sentimita 1.5. Aya ndefu itapungua mistari karibu robo, na hakuna neno hata moja lililofutwa. Wapo wenzetu waliopeleka kazi wakiwa wamehesabu mistari yao yote, wakajibiwa kwamba faili limewekwa kwenye muundo wa ofisi na hesabu imeshuka. Mkulima wa Kyarumba hakubali kahawa yake ipimwe kwa mizani iliyo nyuma ya pazia, akatangaziwa uzito tu. Sisi tumekuwa tukikubali jambo hilo kwa miaka, kwa sababu tulihofia kwamba anayelalamika hatapewa faili la pili.

Wapo waajiri wanaosema wameliondoa tatizo hilo kwa kutumia mstari wa herufi 65, yaani jumla ya herufi zote na nafasi zilizo kati ya maneno, ikagawanywa kwa 65. Tunakiri kwamba kipimo hicho hakichezewi kwa pambizo. Lakini tazameni kinavyofanya kazi kwenye mahojiano ya kwetu. Haya ni maongezi mafupi ya aina tunayonukuu kila siku, M akiwa mhoji na J mhojiwa:

M: Ulivuka lini?
J: Jana.
M: Na nani?
J: Mama mkwe.

Kwenye karatasi hiyo ni mistari minne. Ukihesabu herufi zote, pamoja na alama, nafasi na zile herufi za kumtambulisha msemaji, unapata 48. Hiyo ni chini ya robo tatu ya mstari mmoja wa herufi 65. Mlipaji akisema herufi za kumtambulisha msemaji hazihesabiwi, zinabaki 36. Akisema na nafasi zisihesabiwe, zinabaki 33, yaani nusu mstari. Kwa hiyo kazi moja ni mistari minne, au robo tatu ya mstari, au nusu ya mstari, na anayechagua si yule aliyeifanya. Wakati huohuo sauti ya maongezi hayo inaweza kuchukua nusu dakika, kwa kuwa mama anayejibu alinyamaza kwanza, lori likapita kuelekea Kasindi ng'ambo ya mpaka, na mtoto akalia. Mnukuzi amerudisha nyuma mara kadhaa ili awe na hakika kama ni mama mkwe au mama mdogo. Kwa mtafiti wa maradhi yanayovuka mpaka, tofauti ya watu hao wawili ni kubwa. Kwa hesabu ya herufi, haipo.

Mstari wa herufi 65 haukutungwa kwa ajili ya kazi kama hii. Ulitoka Marekani, kwa wanukuzi wa maelezo ya madaktari, na unalingana na mashine ya chapa ya zamani. Karatasi ya Marekani ina upana wa inchi 8.5, ukitoa inchi moja kila upande zinabaki 6.5, na mashine ya chapa yenye herufi za pica ilipiga herufi 10 kwa kila inchi. Hapo unapata 65. Kwa karatasi ya A4 tunayotumia sisi, hesabu hiyohiyo inatoa 62. Daktari anayesoma maelezo ya mgonjwa huongea peke yake, kwa sentensi kamili, mbele ya kinasa sauti, na mistari inajaa. Bibi wa Ihandiro anayeulizwa habari za kifo cha mwanawe hajazi mistari. Tena hata huko Marekani mabishano hayakuisha: mwaka 2007 AHIMA na MTIA, vyama vya huko vya kumbukumbu za afya na vya unukuzi wa kitabibu, vilipendekeza zihesabiwe herufi zinazoonekana tu, bila nafasi, ili mtu yeyote aweze kuhakiki hesabu mwenyewe. Tunalitaja hili kwa sababu tumeambiwa zaidi ya mara moja kwamba kubishania mistari ni ukaidi wa watu wa hapa.

Kuna waajiri wanaolipa kwa neno, na hao tunawaomba wasikilize kwa makini, kwa sababu tunaamini wengi wao hawajui wanachofanya. Kiwango chao kimepangwa kwa Kiingereza. Lugha zetu hufunga mambo mengi ndani ya neno moja. Mzee anaposema "Hatukuwaruhusu kuingia", programu ya kompyuta inaona maneno mawili. Sentensi hiyo kwa Kiingereza cha kawaida inahitaji maneno saba: "We did not allow them to enter". Ukihesabu herufi na nafasi, Kiswahili kina 22 na Kiingereza 30. Tofauti ipo, lakini si ya kutisha. Ukihesabu maneno, mnukuzi wa Kiswahili analipwa chini ya theluthi moja ya mwenzake aliyeandika jambo lilelile kwa Kiingereza. Kikonzo na Kinande vinajengwa vivyo hivyo. Kiwango kimoja cha neno kwa lugha zote kinawaadhibu wale wanaonukuu lugha za watu waliohojiwa. Tunataka njia hiyo iachwe kabisa kwa unukuzi wa Kiswahili na lugha zetu, wala hatutaki kujadili kiwango chake.

Kipimo tunachokiomba ni dakika ya sauti. Sababu yake ni nyepesi: urefu wa sauti unajulikana kabla ya kazi kuanza, pande zote mbili zinauona kwenye faili, na haubadiliki kwa ukubwa wa herufi wala kwa lugha. Mradi unaweza kupanga bajeti yake siku unaporekodi. Mnukuzi anaweza kujua siku anapopokea faili kama kazi hiyo itamlipia karo ya mtoto au haitoshi. Hata hivyo dakika nayo imeanza kuchezewa. Tumeona mafaili yaliyokatwa ukimya wote ili yafupike, mhojiwa akabaki anaongea mfululizo kama mtu anayefukuzwa, na tumeona waajiri wanaolipa "dakika zenye maneno" tu. Ukimya ni sehemu ya kazi. Hatuwezi kujua kama ni ukimya mpaka tuusikilize, na miradi mingi inatutaka tuuandike. Dakika tunayoisema ni ile ya faili zima kama lilivyorekodiwa, tangu mhoji anapowasha kinasa sauti hadi anapokizima.

Dakika zenyewe hazilingani kwa ugumu. Hesabu inayosikika sana katika kazi hii ni kwamba saa 1 ya sauti safi huchukua saa 4 za kuandika. Hiyo ni sauti ya mtu mmoja, ndani ya chumba, kwa lugha moja, na kwetu ni nadra. Mahojiano ya huku hufanyika chini ya mti, barazani, kwenye foleni ya kliniki, au ndani ya nyumba ya bati mvua ikinyesha, na mvua ya milima ya Rwenzori juu ya bati hufunika kila kitu. Bodaboda zinapita. Majogoo wanawika. Majadiliano ya kikundi ndiyo magumu kuliko yote: watu wanane wanajibu kwa pamoja, wawili wana sauti zinazofanana, na mradi unataka kila msemaji awe na namba yake. Mpondwe mtu mmoja anaweza kuanza sentensi kwa Kikonzo, akaiendeleza kwa Kiswahili cha Beni, akaimalizia kwa Kifaransa cha sokoni. Anayeweza kunukuu sentensi hiyo bila kukosea ni mtu aliyekulia mpakani, na ujuzi huo haujawahi kuongezewa hata shilingi moja kwenye kiwango.

Halafu inakuja tafsiri. Miradi mingi huandika kwenye tangazo "unukuzi na tafsiri" kana kwamba ni kazi moja, na kulipa mara moja. Ni kazi mbili. Kwanza tunaandika yaliyosemwa kwa lugha iliyosemwa, kisha tunayaandika upya kwa Kiingereza, tukitafuta namna ya kusema ugonjwa ambao mhojiwa ameuita kwa jina la kienyeji bila kumtia mdomoni jina la hospitali ambalo hakulitamka. Wengine huambiwa waruke hatua ya kwanza, wasikilize Kikonzo na kuandika Kiingereza moja kwa moja, ili malipo yapungue. Tunawashauri kwa nia njema waache. Maneno ya mhojiwa yakishapotea hakuna atakayeweza kuikagua tafsiri, na mtafiti anabaki kuamini tu.

Siku hizi kuna jambo jipya. Tunatumiwa maandishi yaliyotengenezwa na mashine, tunaambiwa tuyahariri tu, kwa nusu ya malipo au chini yake. Kwa Kiingereza cha redio pengine ni sawa. Kwa Kikonzo maandishi hayo hayana maana yoyote, na kwa Kiswahili cha mpakani mashine hubuni maneno ambayo hayakusemwa na kuyaandika kwa ufasaha, jambo lililo baya kuliko pengo. Kuyasahihisha kunachukua muda uleule wa kuanza upya, wakati mwingine zaidi, kwa sababu lazima usikilize kila neno na wakati huohuo upambane na neno lililokwisha kuandikwa. Tunadai kazi hiyo ilipwe kwa kiwango kamili. Tunadai pia tuambiwe waziwazi pale maandishi yetu yanapotumika kuifundisha mashine, maana hiyo ni kazi nyingine yenye thamani nyingine, na wahojiwa nao wana haki ya kuulizwa. Jirani zetu wa Nairobi wamekwisha kuonyesha kwamba kazi hizi za kompyuta zina watu ndani yake: tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 kati ya wale wanaokagua na kupanga maudhui ya makampuni ya teknolojia walikutana wakapiga kura ya kuunda chama chao.

Makato ni donda lingine. Mnukuzi akiandika "haisikiki" mahali ambapo kweli hapasikiki, anakatwa. Akichelewa, anakatwa, hata kama umeme ulikatika Bwera siku mbili. Intaneti ilipofungwa nchi nzima Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ilikaa imezimwa siku kadhaa, na wapo waliohesabiwa uchelewaji kwa siku hizo ambazo hata mwajiri mwenyewe hakuweza kutuma barua pepe. Tunajua faili bovu ni hasara kwa mradi. Lakini aliyerekodi karibu na jenereta si sisi.

Gharama zote ni zetu: kompyuta, hedifoni, umeme, bando. Tangu Julai 2021 bando la intaneti linatozwa ushuru wa asilimia 12, juu ya kodi ya ongezeko la thamani, na faili la sauti la saa moja ni zito kulishusha na kulipandisha. Malipo yakiingia kwenye simu, tunatozwa asilimia 0.5 ya serikali tunapoyatoa, pamoja na ada ya kampuni. Haya si makosa yenu na hatuwalaumu kwa sheria za nchi. Tunachowalaumu ni kodi ya zuio. Sheria inamtaka wakala wa zuio, yaani mlipaji aliyepewa jukumu la kuikata kodi hiyo kwenye malipo, akate asilimia 6 pale malipo yanapozidi shilingi milioni 1. Kwa malipo ya shilingi 1,200,000 hiyo ni shilingi 72,000. Wapo wanaokata asilimia hiyo hata kwa malipo ya shilingi 300,000, na wapo wanaokata kihalali lakini hawatoi cheti. Bila cheti, fedha hizo haziwezi kuhesabiwa kwenye kodi yetu ya mwaka, na tunalipa mara mbili. Yeyote aliyetukata mwaka huu au mwaka jana bila kutupa cheti, tunamtaka akitoe, na kama hana cha kuonyesha kwamba alipeleka fedha hizo kwa Mamlaka ya Mapato (URA), atulipe.

Tumeambiwa kwamba sisi si waajiriwa na kwa hiyo sheria haituhusu. Ni kweli kwamba kima cha chini cha mshahara Uganda bado ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwamba muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini na Rais. Sakafu ya kusimamia hatuna. Lakini Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inatuhusu kama inavyomhusu kila mtu. Inataka mkataba wa zaidi ya shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na inakubali maandishi ya kielektroniki. Kazi nyingi mnazotupa zinavuka kiasi hicho, na nyingi hutolewa kwa simu: "Nakutumia mafaili kumi, tutaelewana." Hatutaki tena kuelewana baadaye. Na pale malipo yanapokataliwa bila sababu, mahakama zina utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, ambao mtu anausimamia mwenyewe bila wakili. Mpaka sasa hatujautumia. Tungependa usihitajike.

Waheshimiwa, lipo jambo ambalo haliingii kwenye hesabu yoyote ya mistari, na tunaomba lisipuuzwe. Tunachokiandika ni vilio vya watu tunaowajua. Bwera ni mji mdogo. Jina la mhojiwa limefichwa kwenye faili, lakini sauti yake haijafichwa, na anayeisikiliza anaweza kuwa jirani, binamu au mtu aliyesali naye Jumapili. Mama anayesimulia usiku wa Lhubiriha anasikika mara nyingi masikioni mwa mnukuzi, kwa sababu hakuna anayenukuu kwa kusikiliza mara moja. Mhoji amekaa naye saa moja akaondoka. Sisi tunakaa na saa hiyo siku mbili, tukiirudisha nyuma pale alipovunjika sauti ili tusikie alichosema. Mhoji ana mkuu wa timu wa kuongea naye jioni. Mnukuzi ana chumba na kompyuta. Tunataka kila mradi unaohusu vifo, ubakaji au vita utangulie kumwambia mnukuzi yaliyomo, umruhusu kulikataa faili bila kufutwa kwenye orodha, na umpatie mshauri wa kuongea naye kwa gharama ya mradi.

Kuhusu siri, tunasaini fomu kali, na ni sawa. Lakini hao hao wanaotusainisha hututumia sauti kwenye makundi ya WhatsApp yenye watu ishirini, majina ya vijiji yakiwa kwenye jina la faili. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawabana wao kwanza. Kila mnukuzi apewe faili lake peke yake, kwa njia yenye neno la siri, na aambiwe lini alifute.

Sasa viwango. Msingi wetu ni shilingi 20,000 kwa saa ya kazi, na ndani yake mnukuzi atalipia bando, umeme na uchakavu wa kompyuta. Sauti safi ya mtu mmoja au wawili wanaopokezana, kwa lugha moja, tunaihesabia saa nne na nusu za kazi kwa saa moja ya sauti: hiyo ni shilingi 1,500 kwa dakika. Mahojiano ya nje yenye kelele, au yenye kuchanganya lugha, ni saa sita: shilingi 2,000 kwa dakika. Majadiliano ya kikundi ni saa saba na nusu: shilingi 2,500. Tafsiri kwa Kiingereza inaongeza shilingi 1,000 kwa kila dakika katika ngazi zote. Ngazi ya faili iamuliwe kwa kusikiliza pamoja dakika tano za katikati, si za mwanzo, kwa kuwa mwanzoni kila mtu huongea taratibu na kwa adabu.

Kwa mradi ambao bajeti yake ilikwisha kuandikwa kwa mistari na hauwezi kubadilika mwaka huu, tuko tayari kwa njia hii. Mstari uwe herufi 65, pamoja na nafasi, alama, vitambulisho vya wasemaji na alama za muda, kwa hesabu ya programu iliyotajwa kwenye mkataba na faili ambalo pande zote mbili zinalo. Kiwango cha mstari kipatikane kwa kunukuu dakika 10 kwanza. Tuseme dakika hizo zimetoa herufi 7,800, yaani mistari 120; malipo ya dakika 10 za sauti safi ni shilingi 15,000; basi mstari ni shilingi 125. Mahojiano ya majibu mafupi yakitoa herufi 3,900 kwa dakika 10, yaani mistari 60, mstari unakuwa shilingi 250. Mtaona kwamba mnukuzi analipwa sawa kwa muda sawa, na mradi haudhulumiwi na mtu anayejaza maneno.

Theluthi ya malipo itolewe kazi inapoanza. Masahihisho yaombwe ndani ya siku 7 baada ya faili kupokelewa, kwa kuonyesha dakika na sekunde ya kosa. Kilichobaki kilipwe ndani ya siku 14, bila kusubiri ripoti ya mradi ichapwe au mfadhili atume awamu ya pili. Pahali pasiposikika pasikatwe fedha kama msikilizaji wa pili naye hapasikii.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, na kikao kimoja mjini Kasese na kingine Bwera, Afisa Kazi wa Wilaya akiwepo. Kazi zilizo mikononi mwetu leo tutazimaliza kwa masharti tuliyozipokea nayo, hata yale mabaya, kwa sababu tulitoa ahadi. Kuanzia faili linalofuata, hatutapokea sauti isiyo na barua inayotaja kipimo, kiwango, ngazi na siku ya malipo.

Tunawasilisha.

Wanukuzi wa kujitegemea, Kasese na Bwera